Mpaka Mtoni

Jumanne, 4 Machi

Wewe mjukuu wangu, kama umeona bibi yako ni karani wa maji, umenikosea adabu. Umeniletea daftari la shule, kalamu umeifunga kwa uzi kana kwamba nitaiiba, ukaniagiza: "Bibi, kila siku andika maji yamefika wapi, nijue pa kuwapitisha wageni." Mtu mzima na mvi zangu naagizwa kama mtoto wa darasa la kwanza! Mimi niliishia darasa la nne, sikatai, lakini mwandiko wangu ulibandikwa ukutani na shule nzima ikapanga foleni kuutazama. Wako wewe mwenye vyeti ni kuku amepita kwenye majivu.

Haya, nimeandika. Maji yako mbali. Hata kwenye kichuguu hayajafika.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kidogo. Maji bado.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemwonyesha mjukuu wangu nani mwenye mkono.

Juzi mgeni mmoja alinusurika. Alishuka peke yake uwandani, kamera shingoni, askari wa ng'ambo wakamwona. Alirudi mbio bila viatu, na jioni yake akawa anacheka na kuwapigia rafiki zake simu kuwasimulia. Ndio wageni wetu hao. Vijana wa mjini, wanalala kwenye vyumba vyangu vitatu, wanachafua mashuka yangu kwa matope, na kilichowaleta ni kuona mpaka tu. Ukiwauliza wameona nini, hawana jibu. Wanataka kusema walifika.

Mjukuu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza, akasema imetosha. Lazima kiwekwe kibao pale njia inaposhukia uwandani. Kaleta ubao, kaleta rangi nyekundu, kashika brashi. Nikamnyang'anya.

"Kwa mwandiko wako huo? Watadhani kuku amechinjiwa hapo."

"Haya bibi, andika wewe. Andika: mpaka ni mtoni."

Nikaandika kwa herufi kubwa, zimenyooka, hakuna iliyoinama: MPAKA MTONI.

"Umesahau 'ni'."

"Sijasahau. Haina kazi."

"Ina kazi bibi. Au weka hata nukta mbili hapo katikati."

"Nukta za nini? Nani hajui mpaka uko mtoni? Nani hajui mto wote ni wao, hadi ukingo wa huku kwetu, na mvua zikiutanua mto askari wao wanakuja na boti hadi maji yanapoishia? Hata mbuzi wa hapa wanajua kwamba ukingoni unabebwa."

"Mbuzi hawalali kwenye vyumba vyetu. Wanaolala ni wageni."

Nikamwambia ana mdomo mrefu kuliko safari zake. Na kwa kuwa chini palibaki nafasi, nikaongeza mshale mmoja mnene, mzuri, unaoonyesha mto ulipo. Alitikisa kichwa, akacheka, akaenda kukisimika.

Maji yamefika kichuguuni.

Jumapili, 9 Machi

Mvua mchana kutwa. Mashuka hayakauki.

Jumatano, 12 Machi

Nimetembea mpaka kwenye kibao kukitazama. Kinapendeza.

Jumamosi, 15 Machi

Wageni wawili. Kijana mmoja mwembamba, miwani inamteleza puani kila akizungumza, nimemwita Miwani. Mwenzake msichana amevaa kofia pana hata mezani, nimemwita Kofia. Wana adabu. Walinipokea ndoo bila kuambiwa.

"Bibi, eti ni kweli huko chini kuna hatari?" Miwani aliniuliza, macho yanamng'aa kama anaulizia peremende.

"Hatari gani? Mto ule mimi nimeuvuka na mzigo kichwani kabla mama yako hajaota meno. Naenda, narudi, napika."

"Peke yako?"

"Nishikwe mkono na nani?"

Kofia alipiga makofi. Miwani alitoa kidaftari akaandika maneno yangu. Nikajisikia mtu mkubwa. Sikuwaambia kwamba enzi hizo hakukuwa na askari hata mmoja, wala kwamba nilivuka mara mbili tu, na hiyo ya pili nililia tangu maji ya magotini hadi nchi kavu.

Maji yamefika kwenye zizi bovu.

Jumapili, 16 Machi

Mjukuu kaamka na homa. Aliwaambia wageni wangoje hadi kesho. Kofia alikubali. Miwani akanifuata jikoni.

"Bibi, tukienda wenyewe tutapotea?"

"Utapoteaje? Njia ni moja. Kibao mtakiona."

Ndivyo nilivyosema, nikiwa namenya viazi, wala sikuinua uso.

Saa tisa alasiri Kofia alirudi peke yake, kiatu kimoja mkononi, kofia hana. Alikaa chini kwenye matope ya uani. Alisema walifika kwenye maji, yeye akainama kutoa mwiba, alipoinuka boti ilikuwa imeshafika na wanaume wanne wamemshika Miwani mikono na miguu wanambeba kama kitanda. Miwani alikuwa anawaambia, "Samahani, samahani jamani," basi.

"Mlifuata nini kwenye maji?" nilimpigia kelele. "Nani aliwatuma ukingoni?"

Akanitazama. "Kibao, bibi. Kilisema mpaka mtoni. Na mshale. Tukaenda mpaka mtoni. Hatukuvuka. Tuliishia pale pale kilipotuambia."

Jumatatu, 17 Machi

Nimekitoa kibao. Kilikuwa kinayumba, na mvua ingekiharibu.

Maji hayajaongezeka.

Jumanne, 18 Machi

Afisa wa mpaka amekuja, yule mwenye tumbo anayevua viatu mlangoni. Alimuuliza Kofia, Kofia akasema habari ya kibao. Alimuuliza mjukuu wangu, naye akasema ndiyo, kipo, twende nikuonyeshe. Wakaenda. Wakarudi.

"Hakuna kibao," alisema afisa. "Shikamoo tena bibi. Hebu nisaidie wewe. Hapo pamewahi kuwa na kibao?"

Mjukuu alisimama nyuma yake, homa bado iko machoni. Ananitazama nimjibie.

"Kibao cha zamani hicho," nikasema. "Kilishaoza. Huyu mtoto ana homa, anachanganya mambo."

Afisa akafunga faili lake. Mjukuu wangu alimsindikiza hadi njiani kwa heshima zote, akarudi, akapita mbele yangu, akaingia ndani.

Jumatano, 19 Machi

Amesimamishwa kazi ya kuongoza wageni. Kosa: aliwaachia wageni washuke wenyewe, na akamdanganya afisa. Majirani wanamwita Dada Kibao. Nilimpelekea uji, akasema, "Asante, mama mwenye nyumba."

Alhamisi, 20 Machi

Mama yake Miwani amefika. Fundi cherehani. Utepe wa kupimia uko shingoni, kautoa huko kwake bila kujua na hajauvua hadi hapa. Nilidhani ataingia kwa kelele nami nimejiandaa kwa kelele. Akapiga goti.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa mwanangu alilala kwako. Asante kwa kumlaza."

Nikampa chumba alicholala mwanawe. Aliniomba shuka lisifuliwe.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa. Maji yamevuka zizi bovu.

Kofia ameondoka, baba yake kaja kumchukua. Hakuna aliyemwamini. Aliniaga vizuri, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumamosi, 29 Machi

Sasa niandike, maana daftari hili hata mjukuu haliulizii tena.

Kibao hakikuwa kinayumba. Nilikwenda na jembe kwenye mvua, nikakifukua, nikafukia shimo na kulikanyaga kwa miguu yangu. Nilikileta nyumbani chini ya gunia la magugu. Nia yangu ilikuwa kukipasua kuni. Nilishika shoka. Nikazitazama herufi zile zilivyokaa, hakuna hata moja iliyoinama, na nikashindwa. Si huruma. Niliona haya kuharibu mwandiko mzuri! Ndio mtu mimi. Kijana wa watu amefungwa ng'ambo, nami nahurumia herufi.

Nimekifanya kifuniko cha pipa la maji ya mvua, pale chini ya mchirizi. Maandishi yanatazama chini.

Na nani anachota maji kwenye pipa hilo kila asubuhi? Mama yake Miwani. Haniruhusu kushika ndoo. Anakifunua, anakiegemeza ukutani, anachota, anakirudisha taratibu kama anafunika mtoto. Kila akikiegemeza naacha nilichoshika, lakini kila mara anaugeuzia ukuta ule upande wenye rangi, bila kuangalia.

Jumatano, 2 Aprili

Afisa ameleta habari. Kijana yuko hai, yuko kwenye kambi yao ng'ambo, anakula. Wanasema ni mpelelezi, alijua mpaka ulipo na akaja makusudi kupiga picha kambi. Mvua zikikata na barabara yao ikikauka, watampeleka ndani kabisa, kwenye gereza kubwa. Huko hatarudi leo wala kesho.

"Kingekuwepo kitu," afisa alisema, "ramani mbaya, kibao, chochote cha kuonyesha kijana alipotoshwa, ningekipeleka mwenyewe. Mkubwa wao ni mtu wa kusikia. Lakini nitapeleka nini? Maneno ya msichana?"

Mama alikuwa anashona shuka langu lililochanika. Hakuinua uso. Alisema, "Basi Mungu alete mvua."

Nikasema amina. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Mama alitoka nje akasimama ndani yake, anacheka.

Jumanne, 8 Aprili

Maji yamefika kwenye uzio wangu. Sijawahi kuyaona hapo. Boti yao ilipita, askari mmoja akanipungia mkono nikiwa naanika. Mpaka umenifuata hadi kwenye kamba ya nguo.

Mama ameuvua ule utepe shingoni, anapima nao maji kwenye nguzo ya uzio asubuhi na jioni. "Yamepanda vidole viwili, mama! Hawawezi kusafiri." Kisha ananipima na mimi. Anasema hawezi kukaa mikono mitupu, atanishonea gauni kwa kitambaa alichokuja nacho. Nilimwambia mwili wangu hauna umbo la kupimwa. "Nimeshawapima wagumu kuliko wewe," akasema. Alipozungusha utepe kiunoni pangu nilifumba macho.

Jumamosi, 12 Aprili

Kwenye kikombe changu cha maji kulikuwa na kibanzi chekundu. Mama alikitoa kwa ncha ya kidole. "Mchirizi wako una kutu, mama," akasema, akaninywesha.

Mjukuu alikuwa mlangoni. Alikitazama kile kibanzi kwenye kidole. Akatazama pipa. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kisha akatoka. Hakugusa kifuniko. Ameniachia.

Jumatatu, 14 Aprili

Jua.

Jumanne, 15 Aprili

Jua. Maji yameshuka vidole vinne.

Jumatano, 16 Aprili

Jua kali. Mashuka yalikauka kabla ya saa sita. Miaka yote nililiomba jua hili.

Alhamisi, 17 Aprili

Afisa alipita asubuhi, hakuvua hata viatu. Barabara yao inakauka. Gari la kumchukua kijana linakuja Jumanne.

Mama hakulia. Alichukua utepe akaenda uzioni kupima. Maji hayakuwepo tena pale, yamerudi nyuma. Akawa anapima nguzo kavu. Nilimwona kutoka jikoni, anashusha utepe, anausoma, anashusha tena.

Nikaenda kwenye pipa. Nikakifunua kifuniko, nikakigeuza, nikakisimamisha ukutani, maandishi nje. Nikamwita.

Nilitegemea anipige. Nilikuwa nimeshavua kilemba ili asipate taabu.

Alisimama mbele ya kibao akasoma kwa kituo, kama mtu anayejua anachosoma. "Mpaka. Mtoni." Akasoma tena. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kumbe kilikuwepo," akasema. "Yule binti alisema kweli. Na kimeandikwa wazi. Mpaka, mtoni. Mama, mwanangu alionywa, akapita?"

Nikashika ukingo wa pipa.

"Yuko hivyo tangu mdogo. Ukimwambia pasi ina moto, lazima aguse." Akajifuta uso kwa mikono miwili. "Ndiyo maana ulikificha. Hukutaka nijue ni ukaidi wake. Nisamehe mama. Umebeba aibu yetu ndani ya nyumba yako."

Akaniomba msamaha. Mimi. Ameketi kwenye ndoo yangu, mbele ya pipa langu, ananiomba msamaha.

Nitasema kweli, maana hapa hapana wa kumdanganya. Nilipewa njia ya kutokea, pana, imefagiliwa, na nilisimama mlangoni mwake. Nilihesabu: nikinyamaza, yeye atanyamaza, na kijana atabaki mkaidi, na mwandiko wangu utabaki mzuri. Nilinyamaza muda wa kutosha kunywa kikombe cha maji. Mjukuu alikuwa ameshatoka ndani, amesimama nyuma yangu. Sikumwona, nilisikia pumzi yake.

"Soma tena," nikamwambia mama. "Usipumzike katikati."

"Mpaka mtoni."

"Sasa usome kama mtu aliyetoka mbali, hajui mto huu ni wa nani. Ana mkoba mgongoni, anatafuta njia. Anza na maneno, malizia na mshale."

Alinyoosha kidole. Kidole kikapita juu ya herufi, kikashuka kwenye mshale. "Mpaka mtoni," alisema, kwa sauti ile ya kumwelekeza mtu: nenda, nenda, mpaka mtoni. Kidole kikabaki hewani.

"Ni mimi niliyeandika," nikasema. "Huyu aliniambia weka 'ni'. Nilikataa kwa kiburi. Na ni mimi nilimwambia mwanao kibao atakiona."

Alikitazama kibao, akalitazama pipa. Kisha akasema polepole, "Siku ishirini na nane nimekifunua mimi mwenyewe kila asubuhi. Nawe unanitazama."

"Ndiyo."

"Na ulisema amina."

"Ndiyo."

Aliinuka akaingia ndani. Mjukuu akakibeba kibao kichwani bila kuniomba, akaenda kwa afisa. Nilimfuata. Ananizidi mwendo, na leo hakunisubiri.

Mbele ya afisa nilisema yote. Nilisema pia kwamba mjukuu wangu hakudanganya na hakuchanganywa na homa. Afisa alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Bibi," akasema, "ningekuwa na haki ya kukutukana ningekutukana." Nikamwambia haki anayo.

Ijumaa, 18 Aprili

Kibao kimevuka kwa boti, na kitambaa cheupe.

Jumamosi, 19 Aprili

Kimya. Jua. Mama anakula chumbani.

Jumapili, 20 Aprili

Jibu limekuja. Mkubwa wao amekisoma, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Anasema kijana naye aliapa hivyo hivyo tangu siku ya kwanza, kwamba alitumwa na kibao. Lakini ubao na rangi kila mtu anavyo, asije akachezewa. Anamtaka mwandishi. Avuke, akae mezani, aandike maneno yale yale mbele yake, bila 'ni', bila nukta, na mshale chini. Mkono ukifanana, kijana atarudi kwa boti hiyo hiyo.

"Na usipofanana?" mjukuu alimuuliza afisa. "Bibi anatetemeka mkono siku hizi."

"Utafanana," nikasema.

Maisha yangu yote nimetaka watu wapange foleni kuutazama mwandiko wangu. Kesho watautazama, askari kwa bunduki zao, nami nitaandika kosa langu kwa herufi nzuri kabisa.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekuta gauni limekunjwa mlangoni mwangu. Halina upindo, pini bado zimo. Hakuandika kitu wala hakubisha hodi. Sasa yuko uzioni, anatazama ng'ambo. Nimelivaa hivyo hivyo na pini zake. Zinachoma. Acha zichome.

Boti inangoja, kwa hiyo nisikilize, mjukuu wangu. Usije kunisindikiza. Chukua ubao mpya nyuma ya jiko na rangi iliyobaki, ukasimike kibao leo hii, kabla mgeni yeyote hajashuka. Andika wewe, kwa mwandiko wako wa kuku: MPAKA NI MTONI. Chini yake andika: USISHUKE. Mshale usiweke. Kisha mwite huyu mama akisome kwa sauti, umwite na jirani, umwite na mpita njia asiyejua lolote la hapa, na akitokea hata mmoja aliyekielewa vingine, kifute chote, uanze upya.